Dada Yangu Aliyekufa Kwenye Disketi

Asubuhi ya siku ambayo dada yangu aliandikwa amekufa, tuligombana juu ya chumvi. Alikuwa amefika kwangu Makanyagio jana yake kwa lori la mahindi, bila taarifa, na kwa tabia yake alianza kukagua jiko kabla hata hatujamaliza kusalimiana. Asubuhi hiyo akaonja mboga, akasema napika kama mtu aliyesusa. Nikamwambia kama chumvi haimtoshi arudi makazini akale ya kwake. Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta, nami nikaondoka kwenda kazini nimenuna. Kikohozi kile kilikuwa kinanitisha, na mimi nikitishika huwa nanuna.

Dada alikuwa na kifua kikuu. Alikuwa katikati ya dawa zake, zile za miezi mingi ambazo ukiziacha njiani ugonjwa unarudi na hasira. Alizichukua kila mwezi kwenye zahanati ya makazi ya wakimbizi, kule tulikokulia sisi na Warundi wengine ambao wazazi wetu walivuka mpaka zamani, watoto mgongoni. Walipewa pori wakalifyeka, wakalima, wakazika wazee wao humo. Dada alikuwa mjane na hakujaliwa mtoto. Wa tumbo moja tulikuwa tumebaki sisi wawili tu.

Mimi nilikuwa karani wa kumbukumbu katika hospitali moja mjini Mpanda. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, na shirika moja la misaada lilikuwa limetuletea kompyuta. Tuliifunika kitambaa cha kufuma, kama watu walivyofunika redio zao, na tuliifunua pale tu jenereta lilipowashwa. Zahanati ya makazi nayo ilikuwa na yake, iliyoletwa na shirika jingine. Kila wiki gari lilileta disketi kutoka kule na kupeleka yetu, ili hospitali ijue wagonjwa wa zahanati na zahanati ijue wa hospitali. Kwa maneno lilikuwa jambo zuri sana. Kwa vitendo zile mashine zilikuwa hazielewani. Yetu ilianza na jina la mgonjwa, kisha la baba, kisha kijiji. Ya kwao ilianza na namba ya kaya, kisha umri, kisha ugonjwa. Ukiitia disketi yao kwenye mashine yetu, umri wa watu uliingia kwenye safu ya majina ya baba zao na magonjwa yakaingia kwenye vijiji. Nakumbuka bibi mmoja aliyetokea kwenye mashine yetu akiwa binti wa Sitini na Tatu, mkazi wa Kuhara.

Tulicheka, lakini halikuwa jambo la kuchekesha. Nilimwona mkulima mmoja wa tumbaku wa Inyonga akifia wodini kwetu. Alikuwa ameanza dawa za kifua kikuu hospitalini, akaziacha wakati wa mavuno, akaanzishiwa upya kwenye zahanati ya misheni kwa jina lake la ubatizo, akaziacha tena, akaanza kwingine kwa jina la babu yake. Kila mahali alikuwa mgonjwa mpya. Alipoletwa kwetu hakuna aliyejua amemeza nini, na yeye mwenyewe alikuwa hawezi tena kusema. Mke wake alituonyesha kadi zote, akaziweka kitandani moja moja, akidhani wingi wa kadi ungetusaidia.

Kwa hiyo alipokuja mtaalamu kutoka Dar es Salaam kutukalisha pamoja, sisi wa hospitali, wa makazi na wa misheni, nilikuwa upande wake tangu asubuhi. Alitaka wote tuandike vitu vilevile, kwa mpangilio uleule, kwa alama zilezile. Mvutano ulikuwa mkubwa. Wa misheni hawakutaka kuacha jina la ubatizo. Wa makazi hawakutaka kuacha namba ya kaya. Mtaalamu naye alishangaa kuona safu ya jina la ukoo imebaki tupu kwa watu wa kwetu, maana sisi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, tofauti na la baba na la kaka zake. "Hawa hawana ukoo?" aliuliza. Nikamjibu kwamba ukoo tunao, tena mkubwa kuliko wake, ila hatuuning'inizi shingoni. Akacheka, akafuta ile safu.

Tulikubaliana namba moja kwa kila mtu, ileile popote atakapotibiwa. Kwa watu wa makazi, namba itatolewa na ofisi ya makazi, na kwa aliyeandikwa humo tu. Tukakubaliana pia safu ya hali ya mgonjwa: yupo, amehama, amefariki. Akiandikwa amefariki sehemu moja, amefariki kote, na dawa zake zinasimama, kwa sababu ilikuwa imegundulika kuna marehemu ambao vidonge vyao bado vilikuwa vinachukuliwa kila mwezi. Niliunga mkono kwa mikono miwili. Namba ya dada niliiingiza mwenyewe, kwa vidole vyangu, nikaiandika kwenye kadi yake, na nilijisikia kama nimemfungia mlango usiku ili alale salama.

Yeye hakupendezwa. "Nyie mnataka kutuandika kama marobota ya tumbaku," alisema.

"Robota halipotei likiwa na namba," nikamwambia.

"Robota halina ndugu."

Nilijua anachosema. Makazini kadi ya zahanati ilikuwa kama jembe. Iko ndani kwako, lakini jirani akiihitaji huwezi kumnyima. Mgeni akija, akaugua, anakwenda na kadi ya mwenye nyumba, na mhudumu anaona sura si ile, ananyamaza. Mwaka ule wageni walikuwa wengi. Vita vya kule Burundi vilikuwa vinasukuma watu kila siku, na amri ilikuwa kwamba wanaokuja sasa wapelekwe kambini, mkoa mwingine, wasichanganyike na sisi wa zamani. Kulikuwa na msako. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani kazaliwa wapi. Nilimwonya dada, tena kwa sauti ambayo majirani waliisikia, kwamba mambo ya kuazimana kadi sasa yamekwisha, mashine haina macho ya kunyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula.

Sasa turudi siku ile ya chumvi. Jenereta liliwashwa, nikafunua mashine, nikaanza na vikaratasi vya wodini. Kimoja kilitoka wodi ya wazazi: mama aliyejifungua mtoto mfu, akatokwa na damu nyingi, akafariki. Niligonga namba kama ninavyogonga nyingine zote. Jina la dada yangu likatokea kwenye kioo.

Niliangalia kikaratasi, nikaangalia kioo. Nilijua kwamba dada nimemwacha nyumbani, na nilijua kwamba hana mimba. Lakini akili ilikuwa imeshatoka. Nilitoka mbio, kiti kikaanguka nyuma yangu, na nadhani nilipiga kelele, maana walinzi walinipisha getini bila kuniuliza kitu.

Nilimkuta barazani, ungo mapajani, anachambua maharage. Nilimpiga bega kwa kofi, nikampiga tena, huku nalia. "Umekufa! Wameandika umekufa!"

Alianza kucheka. "Kakwambia nani?"

"Wodi ya wazazi."

Cheko likamkauka. Aliuweka ungo chini taratibu, akafunika uso kwa mikono. "Mana yanje," alisema, Mungu wangu, kwa lugha yetu. "Ni mdogo wetu."

Ndipo nikaambiwa. Mtoto wa mama mdogo, ambaye mara ya mwisho nilisikia habari zake akiwa ameolewa kule Burundi, alikuwa amekuja ziwani kwa mtumbwi, akashukia Ikola, akatembea na kudandia malori mpaka nyumbani kwa dada. Alikuwa na mimba kubwa na binti mdogo. Mume alibaki kule, na kwa namna alivyomtaja hakuna aliyeuliza tena. Dada aliwaficha. Uchungu ulipoanza vibaya, akampa kadi yake, binti akamwacha kwa jirani, mama akampandisha lori la mahindi, akamfikisha hospitalini jioni nikiwa nimeshatoka kazini. Kisha akaja kwangu kukagua jiko. Hakuniambia kwa sababu alikuwa hataki kelele zangu. Asubuhi ile alikuwa anasubiri tu maharage yaive ampelekee.

Kwetu mtoto wa mama mdogo haitwi binamu. Ni dada, basi. Kwa hiyo kikaratasi kilisema dada yangu amekufa, na hakikukosea.

Niliporudi hospitalini, mashine ilikuwa imezimwa na kufunikwa. Karani mwenzangu, mama mpole aliyekuwa anakaa meza ya pili, aliniona nilivyotoka, akasoma kioo, akaelewa alichoelewa. Alinimalizia kazi ili nisije nikaandika kifo cha ndugu yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Ilikuwa siku ya gari. Disketi ilikuwa imeshaondoka. Alinikumbatia, akanipa pole, akaniambia nisiwe na wasiwasi, wenzangu wote wanakuja nyumbani.

Na walikuja. Sijui nieleze vipi yale matanga. Mwili tulipewa kwa jina la dada, na wafanyakazi wa hospitali wakafika Makanyagio na unga, sukari na kuni, wakatandika mikeka uani. Kusema ukweli mbele yao kulikuwa ni kusema kuna mwanamke aliyekuja bila ruhusa, na kwamba binti yake yuko kwenye nyumba fulani makazini, katikati ya msako. Nilikaa kwenye mkeka nikalia, na sikuwa naigiza. Dada alikuwa chumba cha ndani, mlango umefungwa, nimewaambia watu kwamba humo kuna shangazi mgonjwa asiyetaka kuonekana. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Kila walipomaliza wimbo na kunyamaza, nilimsikia akipigana na kikohozi, na mimi naanza kulia kwa sauti kubwa ili nimfunike. Wanawake wakasema, jamani, huyu alimpenda dada yake.

Mhudumu mmoja wa hospitali, aliyewahi kufanya kazi kwenye zahanati ya makazi na kumpa dawa, alisimama akasema marehemu alikuwa mtu wa utani na hakukosa hata siku moja kuja kuchukua vidonge vyake. Watu walipoondoka nilifungua mlango. Dada alikuwa amekaa sakafuni, kanga imelowa. "Wamenisifu vizuri," alisema. "Tatizo watu wazuri hatuishi." Tulicheka, kisha tukalia mpaka tukalala palepale.

Tulimzika mdogo wetu kwenye makaburi ya mjini. Msalaba uliandikwa jina la dada, kwa sababu seremala wa hospitali ndiye aliyeuleta, kwa wema, bila kuombwa.

Siku ya dawa ilipofika, dada alikwenda kwenye zahanati ya makazi kama kawaida. Mhudumu alimjua tangu utoto. Aligonga namba, akasita, akamwita pembeni. "Mama, hapa umekufa." Alicheka kidogo, kisha akaogopa, kwa sababu yeye naye alikuwa Mrundi na alielewa haraka. Alimwambia dawa zinakuja zimehesabiwa kwa majina ya walio hai, na lake halimo. Akimpa, atakuwa anampa za mtu mwingine. Alimpa dawa ya kikohozi ya watoto, chupa nzima, na akamwomba asirudi mchana watu wakiwa wengi.

Zamani mambo yangekuwa rahisi. Angekwenda misheni na jina jingine akaanza upya. Sasa misheni walikuwa wanauliza namba ileile. Inyonga walikuwa wanauliza namba ileile. Nilikuwa nimeililia sana ile namba. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Ile kazi ilikuwa sahihi. Ingekuwapo mapema, yule mkulima wa tumbaku angepona. Bado nasema hivyo.

Nilikwenda kwa daktari mkuu. Alikuwa mtu wa haki, mchovu, asiyependa maneno mengi. Nilimuuliza kwa kuzungukazunguka: ikitokea mtu ameandikwa amefariki kimakosa, inafutwaje?

"Naandika mimi, nasaini, na nakala inakwenda ofisi ya makazi," alisema. "Kufuta kifo si kazi. Kazi ni kwamba lazima niandike nani aliyekufa. Nilimwona yule mama pale kitandani kwa macho yangu. Damu hatukuwa nayo, nilisimama tu. Siwezi kusema hakuwapo."

Nadhani alijua. Akaniambia mlango wake uko wazi, siku nikiwa na jina la kumletea.

Nilipanda lori nikaenda makazini nikiwa nimeshaamua. Binti alikuwa uani, anapanga magunzi ya mahindi kwenye mstari na kuyapa majina ya watu. Alikuwa wa umri wa kuuliza maswali, lakini alikuwa haulizi. Dada alikuwa amelala kwenye mkeka na ngozi yake ilikuwa imeanza rangi ile ninayoijua ya wodini. Nilimwambia lazima tuseme. Daktari ataandika jina la mdogo wetu, dada atafufuka, atapata dawa wiki inayofuata.

"Na huyu?"

"Watampeleka kambini. Kuna wanaotunza watoto kule."

"Peke yake."

Nikamtilia maji kikombeni.

"Alipofika hapa, mama yake alinishika mkono akauweka juu ya kichwa cha huyu mtoto," dada alisema. "Sasa mimi nikamwandikishe kwa askari?"

"Utakufa!" nilimpigia kelele. "Unajua utakufa? Na hutakufa siku moja. Nimewaona wanavyokufa. Kisha utamwambukiza huyohuyo unayemficha." Binti aliacha magunzi yake akatutazama. Nilijisikia vibaya, lakini sikupunguza sauti.

Dada akajifuta mdomo. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei sokoni, kama kambini kuna dawa za kifua kikuu.

"Zipo. Mtu akipokelewa wanampima."

"Wanasomana na nyie?"

"Hapana. Mkoa mwingine, shirika jingine. Hawana namba yetu."

"Basi," alisema. "Mdogo wetu hajafa popote. Yuko hai, ana mtoto, na anakohoa."

Nilichelewa kuelewa, na nilipoelewa nilikataa. Nilimwambia maisha yake yote yako hapa. Shamba lake, kaburi la mama, la mumewe. Akienda kule atakuwa mgeni aliyefika juzi, na vita vikiisha watamrudisha nchi aliyotoka akiwa mgongoni mwa mama, nchi ambayo haijui hata njia zake. Alisema anajua. Nikamwambia basi angalau awaeleze kwamba ameshameza dawa kwa miezi, wasimchukulie kama mgonjwa mpya, kwa sababu hapo ndipo watu wanaharibiwa. Niliongea kama mtaalamu wa Dar es Salaam. Alinisikiliza kwa upole.

"Nikiwaambia nimemeza, wataniuliza wapi."

Msako uliporudi, hawakuhitaji kumtafuta. Alikuwa ameshakaa barabarani juu ya kifurushi, binti mapajani, akajitaja kwa jina la mdogo wetu. Majirani walimwona. Watu waliolima naye, walioimba naye kanisani, walisimama milangoni na hakuna aliyefungua mdomo. Askari alimuuliza ameingia lini. Akasema mwezi uliopita, kwa mtumbwi, Ikola. Nilikuwa nimerudi makazini siku hiyo, nikaruhusiwa kumpa maji. Nilimpa, na sikuweza kumwita dada, kwa hiyo sikumwita kitu. Yeye ndiye aliyeniambia, kama mtu anayemshukuru mpita njia, "Weka chumvi kidogo zaidi, mama."

Lori lilipoondoka binti alikuwa ananitazama kwa juu ya ubao. Hakupunga mkono.

Habari zilinifikia kwa wafanyabiashara wa dagaa. Alipimwa, akaanzishiwa dawa kutoka mwanzo, miezi yake yote ya nyuma ikahesabiwa bure. Aliugua sana, masikio yakafa nusu kwa sindano za matibabu, lakini alipona. Baadaye sana kambi ilifungwa, wakavushwa kurudi Burundi, yeye na mwanawe. Na sisi wa makazi ya zamani tulipokuja kuulizwa kama tunataka kuwa Watanzania, nilitafuta jina la dada kwenye orodha ya ofisi ingawa nilijua. Lilikuwapo, na mbele yake palikuwa na neno nililolikubali mwenyewe mkutanini. Marehemu haombi uraia. Sijamwona tena.

Kila mwaka mwezi wa marehemu, parokia yetu husoma majina ya waliotutangulia. Wenzangu wa hospitali walilipeleka jina la dada mwaka ule, na tangu hapo halijawahi kurukwa. Likisomwa naitikia pamoja na wengine, apumzike kwa amani, kwa sauti inayosikika, kwa sababu wanaonijua hunitazama. Kisha wakikaa mimi nabaki nimesimama kidogo, namtaja mdogo wetu kimoyomoyo, maana hakuna parokia yoyote itakayomsomea. Popote alipoandikwa bado yuko hai, na ng'ambo ya mpaka kuna mwanamke mwenye masikio mabovu anayeitikia jina lake.